Mjumbe Hauawi: Maskati Hadi Salala kwa Gari la Zamani

Kila mwaka ifikapo mwisho wa Juni, joto la Maskati linapokuwa halisemeki, familia nyingi za wenzetu hufunga mizigo kuelekea Salala. Huko huingia msimu wa kharifu, ambao huendelea hadi Septemba. Mawingu ya bahari hukwama juu ya milima, manyunyu hayakatiki, na ardhi hugeuka kijani kibichi. Wenye nafasi hupanda ndege. Sisi wengine, wenye watoto wengi na magari ya zamani, huishika njia ya nchi kavu, ambayo ni kiasi cha kilomita 1,000.

Lami ya njia hiyo ni nzuri, wala hapana haja ya kuiogopa. Lakini gari lililokwisha kwenda masafa marefu hupimwa humo kwa mambo manne: mlima, joto, vumbi na unyevu. Gari letu lina umri wa miaka 18 na limekwenda kilomita 387,000. Ndani yake tulikuwa watu sita, miongoni mwetu bibi wa miaka 71 na mtoto anyonyaye. Kusimama katikati ya jangwa saa nane za mchana na abiria wa namna hiyo si jambo la mzaha. Kwa sababu hiyo tunaona inafaa kueleza njia yenyewe pamoja na yale iliyotufunza juu ya injini.

Safari ilianzia Wadi Kabir, mtaa wa gereji na maduka ya vipuri hapa Maskati, siku tano kabla ya kuondoka. Taa ya injini ilikuwa imewaka, na gari likisimama kwenye taa za barabarani lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Mashine ya kupimia ikatoa alama P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Gereji ya kwanza ilitushauri tununue sensa mpya ya oksijeni, ile iliyofungwa kwenye bomba la moshi. Gereji ya pili ilikuwa na mzee mmoja asiye na haraka. Naye alituambia maneno ambayo kwa lugha yetu tungesema: mjumbe hauawi.

Sensa si kitu kingine ila mjumbe. Ile ya oksijeni hunusa moshi na kuipasha habari kompyuta ya gari. Ikisema hewa imezidi, aghalabu husema kweli. Swali ni hewa hiyo imepita wapi. Yule mzee alitazama katika mashine yake ni kiasi gani cha petroli kompyuta ilikuwa ikiongeza ili kuziba pengo. Injini ikinguruma polepole, nyongeza ilikuwa asilimia 22. Alipokanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi asilimia 6. Hiyo ni dalili ya mpira uliopasuka baada ya sensa ipimayo hewa iingiayo. Injini inapokwenda polepole huvuta hewa kidogo, na ile ya wizi huwa sehemu kubwa. Inapokwenda kasi, wizi huo humezwa na hewa nyingi ya halali. Lau nyongeza ingekuwa ndogo pale chini na kupanda gari linapobeba mzigo, angeshuku pampu ya petroli au chujio lake.

Mpira ulipatikana. Joto la miaka lilikuwa limeukausha ukachanika upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila ya kioo. Bei yake haikufika robo ya bei ya sensa. Alisafisha pia ile sensa ipimayo hewa kwa dawa yake maalumu, kwani vumbi la nchi hii hushika waya wake mwembamba nayo ikapima pungufu. Taa ilizimwa, nayo haikuwaka tena kwa sababu hiyo.

Tuliondoka alfajiri. Tulipita Fanja na Samail, njia ikipanda taratibu baina ya milima ya mawe meusi, na baada ya kilomita kiasi cha 160 tukaingia Nizwa. Watoto walitaka kuona ngome. Mnara wake mkubwa wa duara ulijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Tulilala hapo. Asubuhi yake, kabla ya kuwasha injini, tulifanya kipimo kimoja chepesi ambacho kila mwenye kijimashine cha kusomea anaweza kukifanya. Gari lililolala usiku kucha, joto la maji ya injini na joto la hewa iingiayo hukaribiana sana. Sensa moja ikisema 31 na nyingine 32, zote mbili ni za kuaminika. Moja ikisema 31 na nyingine 70, hapo mjumbe mwenyewe ana walakini.

Baada ya Adam milima hubaki nyuma, na mbele huwa ni uwanda tu. Ukitazama kulia na kushoto huoni mti wa kumfunika mbuzi. Hapa ni kujaza petroli kila penye kituo, kubeba maji ya kutosha, na kutosafiri usiku, kwa kuwa ngamia huvuka barabara wapendavyo. Haima, karibu nusu ya njia, ni mahali pa kupumzika, kula wali na kuswali.

Kituoni hapo tulimkuta bwana mmoja wa Ibra, aliyetusalimu kwa Kiswahili safi mara aliposikia watoto wakigombana. Gari lake lilizimika lilipopata moto mkali, na likipoa liliwaka kana kwamba halikuwa na neno. "Pampu ya petroli nimekwisha kubadilisha mara mbili, ndugu zangu," alisema kwa unyonge. Tulimwomba alijaribu kuliwasha mbele yetu. Injini ilizunguka, pampu ilisikika ikivuma, lakini mshale wa mizunguko haukunyanyuka hata kidogo. Katika magari mengi hiyo ni ishara ya sensa ya krenkishafti, ile iiambiayo kompyuta kuwa injini inazunguka. Ikinyamaza, kompyuta haitoi moto wala haipulizi petroli. Sensa hiyo ikizeeka huweza kukata kwa joto na kurudi kwa baridi, na mara nyingine haiachi alama yoyote. Hapa basi mjumbe naye alikuwa mgonjwa. Lakini ugonjwa wake ulijulikana kwa dalili, si kwa kubahatisha. Bwana yule aliamua kulala Haima hadi kipuri kiletwe.

Kutoka Thumrait hadi Salala ni kilomita kiasi cha 80, na hapo ndipo maajabu yalipo. Uwanda mkavu unakwisha ghafla, ukungu unakupokea, na ukishuka milima ya Qara unaona majani, ng'ombe na maji yanayochirizika. Bibi alifungua dirisha, akatoa mkono nje aloweshwe na manyunyu.

Unyevu huo huo ulikuwa na neno na injini. Asubuhi ya pili Salala, gari lilipopanda mlima, lilianza kurukaruka, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzima. Wasomaji walishike hili: taa iliyotulia inakuomba upime karibuni, taa inayopepesa inakuomba upunguze mwendo na usimame penye usalama. Petroli isiyoungua huingia katika katalisti ikaungulia humo, na kifaa hicho cha ghali huyeyuka. Tulisimama.

Alama ilikuwa P0303, yaani silinda ya tatu inakosa moto. Pamoja nayo ilirudi P0171. Asiyejua angelaumu tena sensa ya oksijeni, au mpira tuliokwisha kuubadilisha. Lakini silinda isiyoungua huitoa hewa yake nzima katika moshi, na mjumbe huiona na kuisema. Tulizima injini, tukaiacha ipoe, tukahamisha koili ya silinda ya tatu hadi ya pili, na ya pili hadi ya tatu. Tulipowasha na kwenda mwendo mfupi, alama ikawa P0302. Ubovu ulikuwa umehama pamoja na koili. Lau alama ingebaki pale pale, tungehamisha plagi. Na kama bado, tungepima injekta, kisha mgandamizo wa silinda yenyewe.

Gereji ya mjini ilithibitisha. Mpira wa koili ulikuwa na mpasuko mwembamba kama unywele, na cheche zilivuja humo kwa sababu ya unyevu badala ya kufika kwenye plagi. Katika joto kavu la Haima ufa huo haukuonekana kabisa. Tulinunua koili moja na plagi nne, basi. Jioni tulikunywa madafu kwenye vibanda vya barabarani, chini ya minazi na migomba, na bibi akasema anasikia harufu ya kwao.

Wanaokusudia safari msimu huu, tunawausia haya. Pimeni gari wiki moja kabla, msingoje usiku wa kuamkia safari. Fundi akikutajia kifaa cha kununua, mwulize kwa adabu amekijuaje kuwa ni kibovu. Bebeni koili moja ya akiba, plagi, kijimashine cha kusomea na maji mengi. Yaandikeni maneno ya alama kabla hayajafutwa, kwani gari kongwe husema kweli kwa anayelisikiliza hadi mwisho. Tunawatakia safari njema na marejeo ya salama.