Mbwa Anayevuta Kamba

Wadau, leo tuache kompyuta kidogo. Hapa Kisauni, ukimtoa mbwa jioni utakutana na watu wenye kanzu wakielekea msikitini. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafii, na humo mate ya mbwa ni najisi: yakigusa nguo, huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Na Simba wangu akiona mtu, huvuta kamba akamsalimie! Mzee jirani akawa akituona anavuka barabara. Hakusema neno. Hilo ndilo liliniuma.

Mbwa huvuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha anakotaka. Basi programu ni fupi: kamba ikikaza, simama, ikilegea, tembea. Akirudi ubavuni, mpe dagaa.

Kasheshe ni kutoruhusu hata mara moja. Ferster na Skinner walionyesha mwaka 1957 kwamba tendo linalolipwa mara mojamoja hung'ang'ania kuliko linalolipwa kila mara (wacheza kamari mnanielewa). Ukimwachia avute leo kwa kuwa una haraka, umemfunza asikate tamaa. Kwa hiyo nyumbani kwetu asiyekubali sharti hili hashiki kamba. Siku za mwanzo, safari ya dukani ilichukua dakika 40, na watoto wa mtaa wakauliza nimeangusha nini.

Wiki ya tatu mzee hakuvuka. Simba akaketi, kamba imelegea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Naona kijana ameshika adabu."

Sikuuliza ni yupi kati yetu.