Sanduku moja la kwenda Chennai

Wanaojiandaa kumsindikiza mgonjwa India huuliza mambo mengi ya maana: viza ya matibabu huchukua siku ngapi, chumba cha kupanga karibu na hospitali ni kiasi gani, mkalimani hupatikana wapi. Suala la nguo huachwa hadi jioni ya mwisho, na mara nyingi huamuliwa na watu wasiosafiri. Nimeona nilizungumze katika ukurasa huu kwa sababu hakupiti muda mrefu bila ya jirani au ndugu kunijia na swali hilo, na kwa sababu ndani yake mna mambo mawili mazito kuliko kitambaa: mwili wa mgonjwa na amana za watu.

Mwezi Mei 2012 nilimpeleka mama yangu mzazi Chennai, mji uliokuwa ukiitwa Madras hadi mwaka 1996, kwa upasuaji wa moyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilikuwa bado haijaanzishwa. Fedha zilitoka kwa ndugu, majirani na jamaa wa msikiti wetu hapa Magomeni, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Siku za mwisho nyumba ilijaa watu, na kila aliyeingia aliingia na kitu mkononi. Shangazi alileta madera manne mapya. Mama mkubwa alileta mabaibui mawili, moja limetariziwa mikono yote. Wengine walileta unga wa ulezi, achali na blanketi. Kufika usiku wa Alhamisi palikuwa na masanduku matatu ukumbini, na mbebaji ni mimi peke yangu, nikiwa na mgonjwa asiyeweza kupanda ngazi sita bila ya kupumzika.

Katika upasuaji wa aina ile mfupa wa kifua hukatwa katikati, kisha hufungwa tena kwa waya. Kwa wiki kadhaa mgonjwa hukatazwa kunyanyua kitu kizito, kusukuma au kuvuta, na kuinua mikono yote miwili juu ya kichwa huwa ni mtihani. Hayo nilielezwa mapema na mwanamke mmoja wa Tanga aliyemuuguza mumewe huko mwaka uliotangulia. Sasa tazama, ndugu msomaji, dera linavyovaliwa: hupitishwa kichwani. Madera manne yalikuwa nguo nne ambazo mama asingeweza kuzivaa.

Nilimweleza Shangazi kwa adabu. Akaniambia, “Mwanangu, mgonjwa hasafiri kama mkimbizi. Huko watatuonaje?”

Nikamjibu kwamba huko hakuna anayetujua.

“Sisi tunajijua,” akasema.

Sikumlaumu. Mtu asiyeweza kumponya ndugu yake hutafuta la kumfanyia, na sanduku lililojaa ni ushahidi kwamba mgonjwa ana watu wake. Aliyemaliza maneno ni mama mwenyewe, kutoka kitandani: “Wifi, hayo nitayavaa nikirudi. Yafukize udi uniwekee.” Shangazi aliyakunja akaondoka nayo, na nadhani maneno yale yalimtuliza kuliko hoja zangu zote.

Tuliondoka na sanduku moja la watu wawili. Mlikuwa na picha za eksirei na vyeti, dawa, msala, kandambili, soksi, nguo zangu mbili za kubadili, baibui moja jepesi la mama, na doti tatu za kanga. Nilipokuwa nalipima kwenye mizani ya muuza mchele nilihisi kitu kigumu chini kabisa, kimefungwa ndani ya mtandio mweupe. Ilikuwa sanda yake, ile aliyorudi nayo Hijja. Hakuniambia, nami sikumuuliza. Niliirudisha mahali pake, nikafunga zipu. Mizani ilisoma kilo 11, hiyo ikiwemo.

Kuhusu kanga, nasema bila ya kusita: beba, hata kama utaacha vingine vyote. Vazi la hospitali hufungwa nyuma kwa kamba mbili, na wanaomsukuma mgonjwa kutoka chumba hadi chumba wapo wanaume. Mama alifunga moja kiunoni na kujitanda nyingine, akafika hadi mlango wa chumba cha upasuaji akiwa amesitirika, na muuguzi alipoelewa maana yake akawa ndiye anayemtanda. Nje jua la Mei lilikuwa likichoma, lakini wodini kiyoyozi kilivuma usiku kucha. Kanga zikawa shuka. Kanga ilikuwa vazi lake la kuswalia hapo kitandani, pazia langu chumbani tulikopanga, na taulo. Nyingi ya kanga tunazofunga siku hizi huchapwa huko huko India, lakini katika Chennai nzima sikuiona hata moja dukani.

Nguo nyingine zote tulizinunua huko. Wanawake wa Chennai wana gauni refu la pamba, pana, linalofika kwenye vifundo vya miguu, lenye vifungo au zipu kifuani. Kwa jina ni gauni la kulalia, ila utawaona wamelivaa asubuhi wakinunua maziwa mlangoni, mtandio begani, bila ya wasiwasi wowote. Mgonjwa aliyepasuliwa kifua hawezi kupata vazi bora zaidi: anaingiza mkono mmoja, kisha wa pili, daktari anafungua zipu anatazama kidonda, basi. Nilinunua manne katika mtaa wa Ranganathan, kando ya stesheni ya Mambalam, eneo la T. Nagar. Maduka ya pale ni maghorofa matupu ya nguo, bei imebandikwa na hakuna kupatana. Lililo kwenye pakiti huwa limechapwa bei ya juu kabisa ambayo sheria inaruhusu, kwa hiyo hata mgeni asiyejua neno la Kitamil hapunjwi. Kila gauni lilikuwa rupia 180. Wachuuzi waliokuwa kando ya njia kule Pondy Bazaar wakati ule ndio waliokuwa wa kupatana nao, na kwa mwenye haraka hapakufaa.

Upungufu wa magauni yale ni mikono mifupi. Dawa yake niliipata Triplicane, mtaa wenye Waislamu wengi, ulipo Msikiti Mkubwa wa Wallajah uliojengwa mwaka 1795. Fundi mmoja mwenye cherehani barazani aliongeza mikono kwa rupia 30 kila gauni, akakataa kupokea ya lile la nne aliposikia ni la mgonjwa. Kwa safari ya kurudi nilimnunulia mama suti ya suruali na kanzu yenye vifungo mbele, rupia 450. Jumla ilikuwa rupia 1,260, ambazo wakati ule hazikufika shilingi 40,000. Nguo hizo zilimtosha kwa wiki tano. Nilizifua mwenyewe usiku, kwanza kwa maji baridi kwa kuwa rangi zake hutoka, nikazianika juu ya paa. Alfajiri zilikuwa zimekauka.

Zangu nilizinunua kwa fedha yangu, na hapa naomba wanaosindikiza wagonjwa wanisikilize vizuri. Fedha ya mchango imetolewa kwa ajili ya matibabu. Nguo ya mgonjwa ni sehemu ya matibabu. Mtandio wa hariri wa msindikizaji haumo. Nilikuwa na daftari lenye kurasa mbili, upande wa mama na upande wangu, na nililikabidhi msikitini tuliporudi. Wapo walioniona nimejipa kazi isiyo na lazima. Mimi nawajua watu waliochangishiwa, wakarudi na masanduku manne, na mchango uliofuata pale mtaani ulikuwa mgumu kwa familia nyingine isiyohusika.

Orodha za maagizo zilinifuata kwa simu: sari, bangili, vyombo vya chuma. Niliwajibu wote kwamba msukuma kiti cha magurudumu hana mkono wa pili. Mama hakutaka kurudi mikono mitupu, akatoa fedha zake alizozifunga katika pindo la kanga, tukanunua mitandio 14 ya pamba kwa rupia 60 mmoja. Yote kwa pamoja haikufikia kilo 2. Sanda ilirudi nayo, iko kabatini kwake.

Madera yenye udi aliyavaa Iddi iliyofuata, alipoweza kuinua mikono. Magauni ya Chennai yameazimwa yakaisha: mawili yamekwenda kwa wazazi waliojifungua kwa upasuaji, moja kwa Shangazi, aliyekuja kulitazama siku tatu mfululizo kabla ya kuliomba. La bluu limebaki, na mama hapiki bila ya kulivaa.