Niliogopa Kusema Sina Kazi

Kampuni ya uwakala wa forodha niliyokuwa nikifanyia kazi Dar es Salaam ilipopunguza wafanyakazi, jina langu lilikuwemo. Nilirudi nyumbani Mbagala na habari ile nikamwambia mume wangu tu. Jirani akiniuliza, nilisema niko likizo. Kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja niliendelea kuwapongeza waliopanda vyeo.

Nikajifungia kutuma maombi kwa kila tangazo nililoliona. Kimya. Watu wakaniambia siku hizi kazi ni koneksheni, na neno hilo lilinikera. Baba yangu, mwalimu mstaafu, alitulea tukiamini kwamba mtu hula kwa cheti na jasho lake. Kumpigia simu ninayemjua niliona ni kuomba kubebwa, nikajiita mwadilifu. Leo nakiri kwamba ndani ya uadilifu ule kilijificha kiburi: sikutaka mtu ajue nimepungukiwa.

Siku moja nilikwenda Kurasini kufuata barua ya utambulisho. Nikakutana na kaka mmoja aliyekuwa tarishi wa kampuni nyingine, akituletea nyaraka dirishani miaka nenda rudi. Sikuwahi hata kumuuliza jina. Sasa alikuwa msimamizi wa nyaraka kwenye bandari kavu. "Dada, umepotea! Siku hizi uko wapi?" Nilitaka kusema likizo, ikagoma kutoka. Nikasema, "Sina kazi, kaka."

Akaninunulia chai kwa mama ntilie, akaomba wasifu wangu, akausoma wote. "Umeandika wewe ni mchapakazi, unaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Nani haandiki hivyo? Mbona husemi kwamba umekuwa ukiandaa hati za forodha za TANSAD kwenye mfumo wa forodha wa TANCIS tangu mfumo huo ulipoanza? Mizigo ya transiti ya Zambia na Kongo uliyoitoa bandarini, iko wapi humu?" Kazi ya kunipa hakuwa nayo, akasema wazi. Akanipa majina ya watu wawili. "Usiwaombe kazi. Waulize ofisi zao siku hizi zinatafuta mtu wa namna gani, na wewe umepungukiwa nini."

Usiku ule niliwaandikia hao wawili, kisha wengine niliokuwa nimewakwepa. Vidole vilikuwa vizito. Ujumbe ulikuwa mfupi: nimepunguzwa kazini, natafuta nafasi ya nyaraka za forodha, naomba dakika kumi za ushauri. Wapo walionyamaza, na iliniuma. Mmoja alinipigia kesho yake asubuhi, akanieleza mambo ambayo hakuna tangazo lingeniambia.

Baadaye nilisoma habari za Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani. Mwaka 1973 aliandika kwamba habari za kazi mara nyingi hutoka kwa tunaofahamiana nao kwa mbali, kwa kuwa wa karibu wetu wanajua yale yale tunayoyajua sisi. Nilimkumbuka yule kaka. Mimi nilikuwa nimemhesabu kuwa si mtu wangu.

Nafasi niliyoipata niliisikia kwa mtu niliyemwomba ushauri. Hakunipitisha mlango wa nyuma. Nilifanya usaili na wenzangu, nikapewa jaribio kama wao. Ndugu unayesoma haya, kama na wewe unajificha kama nilivyojificha, kumwambia mtu ukweli na kumwomba akuelekeze si rushwa. Hujamnyang'anya mtu haki yake.

Nilipokwenda kumshukuru yule kaka, alifurahi, kisha akauliza, "Na wale wengine uliowaandikia, umewajulisha?" Sikuwa nimewajulisha. Niliwaandikia wote jioni ile, pamoja na walionyamaza, na mmoja wao akajibu kwamba yeye mwenyewe alikuwa amepunguzwa kazi wakati ule na hakujua aniambie nini.