Mkeka na Nyasi

Si desturi ya mwalimu wa lugha kuandika juu ya mchezo wa gofu, na yamkini msomaji wa kurasa hizi atastaajabu kuukuta mchezo huo mahali alipozoea kusoma habari za ngeli na mizani ya mashairi. Nakiri kuwa mshangao wake ni wa haki. Walakini jambo ninalotaka kulieleza si geni kwa mtu ye yote afundishaye au ajifunzaye, nalo ni hili: mazoezi yafanywayo mahali pasipo hatari yana faida gani siku ya hatari?

Nilianza kushika fimbo ya gofu nikiwa na umri wa miaka 43. Daktari aliutazama mgongo wangu, akaniuliza kazi yangu, akacheka. Alinishauri nitafute mchezo wa kunyosha viungo, na kwa kuwa hapa Nairobi upo uwanja wa mazoezi ya gofu katika njia yangu ya kurudi nyumbani, nilianza kupita hapo jioni mbili kwa juma. Msomaji asiyepata kuuona uwanja wa namna hii na afikiri banda refu lililo wazi upande mmoja, lenye vyumba visivyo na milango, na katika kila chumba mkeka wa nyasi za bandia uliotandikwa juu ya saruji. Mbele ya banda ni uwanda mtupu wenye vibao vya 50, 100, 150 na 200, maana yake mita. Mtu hulipa, hupewa kapu la mipira hamsini, husimama juu ya mkeka wake na kuipiga mmoja baada ya mmoja mpaka kapu liishe. Halafu kijana hupita na trekta lililofunikwa kwa wavu, akaiokota mipira yote kama kuku adonoavyo mtama.

Sina haja ya kuficha kuwa nilijiona hodari. Katika mwezi wa kwanza mipira yangu ilitambaa chini. Katika mwezi wa tatu iliinuka. Katika mwezi wa tisa nilikuwa nikishika fimbo ya chuma namba 7 na kuupeleka mpira karibu na kibao cha 150 mara nyingi kuliko nilivyokosa, na watu wa vyumba vya jirani walikuwa wakisita kupiga yao ili watazame yangu. Sifa ni tamu hata ikitoka kwa watu usiowajua majina. Nikaazimia kumwalika mjomba wangu aje ashuhudie.

Hapana budi nimweleze mjomba. Yeye ni kaka yake mama. Alitoka pwani mwaka 1968, akiwa na miaka kumi na sita, akaja Nairobi kutafuta kazi, akaipata ya ukedi katika klabu moja ya gofu ambayo sitaitaja. Alichukua mifuko ya wachezaji begani kwa miaka 35. Katika miaka hiyo aliwapa watu fimbo ya kufaa, aliwaonyesha upande wa mteremko, aliwatafutia mipira yao vichakani, na siku za Jumatatu, uwanja ulipokuwa hauna wenyewe, makedi waliruhusiwa kucheza kwa fimbo za kuazima. Ada ya shule yangu ilitoka katika mifuko ile. Nilipovikwa joho la udaktari wa falsafa, yeye ndiye aliyekaa safu ya mbele, na koti lake lilikuwa la mchezaji mmoja aliyehama nchi.

Alikuja jioni moja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi katika benchi nyuma yangu. Macho yake siku hizi hayaoni mbali. Mpira ukivuka mita mia haupo tena kwake. Nilipiga kapu zima. Nilipogeuka nikaona ameyafumba macho kabisa.

"Umelala, mjomba?"

"Nasikiliza," akasema. "Mwanangu, fimbo yako yabisha hodi kabla ya kuingia."

Sikumwelewa. Akanieleza kuwa alisikia milio miwili katika mapigo yangu mengi: kwanza fimbo ikigonga mkeka, kisha ikigonga mpira. Mlio wa kweli ni mmoja tu. Kisha akaniuliza swali lililonikera zaidi. Aliuliza mpira wangu wa kwanza ulikwenda wapi. Nilitafakari, nikamjibu kuwa siukumbuki. "Basi," akasema, "kule uwanjani ni huo tu utakaopewa."

Kwa ukaidi wa msomi nilitaka kumwonyesha kuwa amekosea. Nililipa ada ya wageni katika uwanja mmoja wa mashimo tisa nje ya mji, nikamchukua twende pamoja siku ya Jumamosi. Tulipofika aliushika mfuko wangu akauweka begani. Nilimsihi auache, maana niliona haya kubwa: mtu wa umri wake, mjomba wangu, anichukulie mzigo mbele ya watu! Alikataa. Alisema kuwa akitembea juu ya nyasi mikono mitupu hajui atazame wapi.

Sitaueleza mchezo wenyewe kwa urefu. Pigo la kwanza fimbo ilizama ardhini nyuma ya mpira, ikang'oa bonge la udongo, na bonge lile likaenda mbali kuliko mpira. La pili vivyo hivyo. Katika shimo la tatu mpira ulilala kwenye kilima kidogo, juu kuliko nyayo zangu, nikaupiga ukakimbilia kushoto mpaka kwenye shamba la mtu. Nilimaliza mashimo tisa kwa mapigo 74, na mtu wa kawaida huko hutumia 45 au 50. Mjomba hakusema neno. Kila mara alifukia udongo nilioung'oa na kuukanyaga kwa kiatu chake, kama alivyofanya kwa miaka 35.

Tangu siku ile niliacha kujisifu nikaanza kuchunguza, na haya ndiyo niliyoyapata. Kosa la kwanza ni la mkeka. Juu ya saruji fimbo haiwezi kuzama. Ikitua nyuma ya mpira huteleza mbele na kuufikia mpira hata hivyo, na mpira huruka kana kwamba pigo lilikuwa safi. Mkeka basi ni mwalimu anayesahihisha kosa la mwanafunzi kimya kimya, akampa alama zake, akamwacha aende mtihanini na kosa lile lile. Huku kwetu jambo hili ni zito kuliko nchi nyingine, kwa sababu viwanja vya nyanda za juu vimeota ile nyasi iitwayo kikuyu, yenye asili ya nyanda za juu za Afrika ya Mashariki na ambayo sasa imesafiri mpaka California na Australia. Ni nyasi nene, yenye mashina yanayotambaa na kushikamana. Fimbo iingiapo humo bila adabu hushikwa shingo. Naona ni kichekesho kwamba wachezaji mashuhuri wa dunia wafikapo California huilalamikia nyasi ya kwetu, nami niliyezaliwa nayo nikaenda kujifunza juu ya plastiki.

Mkeka una hila nyingine ambayo wachache huitambua. Umekatwa kwa pembe nne, na kingo zake zimeelekezwa katikati ya uwanda. Mtu akisimama juu yake huwa amekwisha kuelekezwa. Miguu hufuata ukingo bila kufikiri. Uwanjani hakuna ukingo. Mara ya kwanza niliposimama kwenye nyasi tupu, nilikuwa nimeelekea mti ulio mbali na bendera, na sikujua.

Mipira nayo haisemi kweli. Kwa kanuni, mpira wa gofu usizidi uzito wa gramu 45.93, wala kipenyo chake kisipungue milimita 42.67, na vile vishimo vidogo vya juu yake si mapambo: mpira laini usio na vishimo ungeruka karibu nusu tu ya umbali. Mipira ya viwanja vya mazoezi aghalabu hufanywa migumu ili idumu, na mingine hufanywa makusudi isiende mbali ili isivuke uzio. Tena hupigwa na maelfu ya watu, vishimo vikasagika. Niliwahi kupiga mipira miwili kwa namna moja, kwa kadiri niwezavyo, mmoja ukapita kibao cha 150 na mwingine ukaanguka kabla ya 130. Mtu ajifunzaye masafa yake kwa mipira ya namna hii ni kama fundi apimaye mbao kwa kamba inayovutika. Juu ya vibao vyenyewe sina la kusema ila kwamba siku moja nilimwuliza mwenye trekta ni nani aliyevipima, akanijibu kuwa alivikuta.

Viwanja bora vipo. Vipo vyenye nyasi za kweli ambazo hupumzishwa kwa zamu. Vipo ambavyo vimefunga vyombo vya rada vinavyomwonyesha mtu mwendo wa mpira wake. Na vipo vyenye grini ndogo na shimo la mchanga pembeni, ambako ndiko mapigo mengi huokolewa au hupotea. Ikiwa msomaji anatafuta pa kujifunzia, na atazame kwanza vitu hivyo kabla ya kutazama upana wa banda.

Lakini nadhani kasoro iliyo kubwa kuliko zote haikuwa ya uwanja. Ilikuwa yangu. Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Marekani, John Shea na Robyn Morgan, walichapa habari za jaribio lao juu ya kujifunza mijongeo ya mkono. Waliwapa watu mijongeo mitatu. Kundi moja lilirudia-rudia mmoja mpaka ukaisha, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kundi la pili liliichanganya. Wakati wa mazoezi, lile la kurudia-rudia lilikuwa bora. Walipopimwa tena baadaye, hata baada ya siku kumi, lile lililochanganya ndilo lililokumbuka zaidi. Nilipoyasoma hayo niliweka kitabu chini. Mimi nilikuwa nimepiga fimbo namba 7 mara hamsini, kwenda kibao kile kile, na kila mpira ulikuwa ukisahihishwa na kumbukumbu ya uliotangulia sekunde kumi kabla yake.

Na hapo nikaliona darasa langu. Kwa miaka kumi na saba nimewafundisha wageni Kiswahili kwa zoezi la ngeli moja kwa juma moja. Juma la KI-VI husema kitabu hiki, vitabu hivi, kiti hiki, viti hivi, na hawakosei hata mmoja. Nimewapa alama, nimewasifu, nimewaandikia vyeti. Mwanafunzi mmoja aliyepata alama za juu kabisa alirudi kutoka sokoni na machozi, kwa kuwa mwuza ndizi alimwuliza anataka mkungu upi, naye akasimama bubu. Wakati ule nilimfariji kwa kumwambia kuwa soko lina kelele. Leo najua kuwa mimi ndimi niliyemtandikia mkeka.

Hata hivyo sipatani na wale wanaoudharau uwanja wa mazoezi na kusema kuwa hauna maana. Wengi wao ni watu wenye uanachama wa klabu. Kapu la mipira ni rahisi mno kuliko ada ya kuingia uwanjani, na mwenye kapu haulizwi baba yake ni nani. Katika miji ya Japani, ambako ardhi ni adimu, yamejengwa mabanda ya ghorofa mbili na tatu yaliyozungushwa nyavu ndefu, na wako watu huko wapigao mipira kila juma ambao uwanja wenyewe huuona mara chache kwa mwaka. Ben Hogan, aliyeanza akiwa kedi mdogo huko Texas, alisifiwa kwa kupiga mipira ya mazoezi mchana kutwa, na mwaka 1950 alishinda mashindano makuu ya Marekani mwaka mmoja tu baada ya ajali ya gari iliyomvunja mifupa. Mjomba wangu alipokuwa kijana hakuwa na kapu wala mkeka. Alichonga fimbo kwa tawi na kupiga kokwa nyuma ya kibanda cha makedi, na alifukuzwa. Siwezi kumwambia mtu kama yeye kuwa mahali pa kupiga mipira hamsini bila kufukuzwa ni upuzi.

Basi tumerudi pale pale, yeye na mimi. Magoti yake hayawezi tena mwendo wa mashimo kumi na manane, lakini uwanja ule alioutumikia anao wote kichwani, jiwe kwa jiwe. Huketi katika benchi nyuma yangu na kunitajia mahali tulipo. Hanipi mpira wa pili kabla sijaeleza wa kwanza ulikwenda wapi. Hanipi fimbo moja mara mbili mfululizo. Mkeka nimeugeuza kidogo upande, ili kingo zake zisinielekeze, na mwenye uwanja amezoea kutuona hivyo. Kapu moja hutuchukua saa mbili. Nami nimeanza kuandika katika daftari yale anayoyataja, kwa kuwa hayakuandikwa na mtu mwingine, na mashimo mengine ya uwanja ule yalikwisha kubadilishwa.

Alhamisi iliyopita tulifika shimo la nne. "Mita mia na arobaini," akasema. "Upepo watoka kushoto, na bendera iko nyuma ya mchanga." Nilichagua namba 8, nikapiga, na mpira ukaelekea kulia. Alikuwa amefumba macho.

"Mlio mmoja," akasema. "Lakini umeingia mchangani."

Nilimwuliza sasa nifanyeje, nikanyosha mkono kuchukua mpira mwingine.

"Weka fimbo chini," akasema. "Watu wa mbele hawajatoka."

Nikaweka fimbo chini, nikaketi karibu naye, tukangoja.