Mvumo Uliomnyima Baba Usingizi

Nyumba yetu iko Walukuba, Jinja, nayo ina vyumba viwili tu. Chumba cha mbele ndicho tunachokaa mchana, na usiku mimi na mdogo wangu hutandika mkeka humo. Chumba cha nyuma ni cha Baba na Mama. Ukuta ulio katikati haukufika juu. Naeleza haya mapema kwa sababu asiyeujua ukuta ule hataona kwa nini kelele ndogo, isiyozidi ile ya nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, ilileta shida kubwa kwetu katika likizo ya muhula wa pili mwaka jana.

Baba ni mlinzi wa usiku katika ghala moja. Huondoka saa kumi na mbili jioni, hurudi asubuhi, hunywa uji, kisha hulala mpaka saa nane mchana. Tangu utoto tumefundishwa kutembea polepole wakati huo, na hata kuku wetu nadhani wamejifunza.

Basi likizo ilipoanza Mama alinipa shilingi 60,000 za kununua viatu, kwa kuwa vile vya zamani vilikuwa vimeachama mbele kama kambare. Nikafanya shauri moyoni. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametufunza habari za amplifaya, nami nilikuwa nimechora mchoro wake katika daftari kwa uangalifu mkubwa. Nikaona kwamba nikiunda moja ningeweza kupiga muziki katika sherehe za majirani, nipate fedha, ninunue viatu, na chenji ibaki. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kuisahihisha. Mama sikumwambia.

Mashine yenyewe si kubwa. Moyo wake ni aisii moja iitwayo TDA2030, yenye miguu mitano, ndogo kuliko kidole gumba. Lakini ikipewa stima ya kutosha na kipande cha alumini cha kuipoza hutoa wati kumi hivi, na hizo zatosha kusumbua mtaa. Haiwezi kula stima ya ukutani. Stima ya ukutani kwetu ni ya volti 240, nayo huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Sharti kwanza ishushwe na transfoma, kisha ipite katika dayodi nne ziielekeze njia moja, kisha ituame katika kapasita mbili kubwa kama maji yatuamavyo mtungini. Karatasi ya maelezo ya aisii ile yasema volti zisipite 18 kila upande. Neno hilo nililisoma, nikalipita upesi kama mtu apitavyo bango la barabarani.

Transfoma mpya ilikuwa ghali kupita mfuko wangu. Nikapata kuukuu kwa fundi mmoja mzee atengenezaye redio karibu na soko, imetolewa katika redio ya kanda iliyokufa zamani. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo moja, imejaa vumbi na mafuta. Upande wa ndani ilitoa volti 12 mara mbili, ndivyo alivyosema fundi, nami nikaridhika. Spika nilitoa katika redio yetu mbovu. Sanduku nilitengeneza kwa vipande vya mvule alivyonipa seremala jirani, na chini yake nikapigilia bati, juu ya bati nikafunga transfoma kwa parafujo.

Fundi yule alinifunza jambo ambalo namshukuru mpaka leo. Alisema nisichomeke mashine mpya ukutani moja kwa moja, bali stima yake ipite kwanza katika taa ya wati 60, ile ya zamani yenye uzi ndani. Pakiwa na kosa, taa itawaka kwa nguvu na mashine itasalimika. Pasipokuwa na kosa, taa itang'aa mara moja kisha itafifia. Akaniahidisha pia kwamba sitatia mkono ndani kabla ya kuchomoa waya ukutani na kungoja kapasita ziishiwe. “Stima haina jamaa,” alisema.

Taa yangu iling'aa, ikafifia. Nikaiondoa, nikachomeka mashine ukutani, nikaunganisha simu ya Mama, na muziki ukatoka! Mdogo wangu alicheza mpaka akaangusha sufuria. Wimbo ulipokwisha ndipo niliposikia kitu kingine chini yake: mmmmmm, mfululizo, bila ya kupumua.

Kesho yake saa tatu asubuhi Baba alitoka chumbani amejifunga shuka kiunoni, macho mekundu. “Nani ameleta mashine ya kusaga humu?” aliuliza.

Nikazima. Mama akaja, akatazama sanduku, akatazama miguu yangu, akauliza fedha nimepata wapi. Nilimwambia kweli yote. Hakunigombeza. Alinyamaza tu, akarudi jikoni, na mimi ningeona afadhali angenigombeza. Baba ndiye aliyetoa hukumu: “Mwanangu, una siku mpaka shule ifunguliwe. Kitu hicho kisipotulia tutakiuza kwa uzito wa chuma, upate angalau kiatu kimoja.”

Nilianza kutafuta kosa mahali pasipo kosa. Nilidhani kapasita zangu ni ndogo, kwa hiyo mawimbi ya stima yanapenya mpaka kwenye spika. Nikatumia shilingi 8,000, karibu zote zilizobaki, kununua kapasita kubwa mara mbili ya zile. Mvumo ukabaki vile vile. Nikapindua waya za spika, nikafupisha waya ya simu, nikahamisha spika mpaka mwisho wa chumba. Siku tatu zikapita hivyo.

Nikarudi kwa fundi. Alikuwa akilehemu redio ya mtu, wala hakuinua kichwa. “Ukizitoa waya za spika, kelele inakwisha au inabaki?” aliuliza. Nikamwambia sijajaribu. Hapo aliinua kichwa.

Nilikwenda mbio nyumbani nikazitoa. Mvumo ukabaki! Kumbe haukuwa ukitoka katika spika hata kidogo. Ulikuwa ukitoka katika transfoma yenyewe, na sanduku langu zuri la mvule, pamoja na bati lake, lilikuwa likiukuza kama ngoma. Ukitaka kujua upuuzi wangu, fikiri kwamba muda wote huo nilikuwa nimekaa nusu mita kutoka kwenye transfoma ile, nikisikiliza spika.

Sasa nieleze kwa nini chuma kikae kimya kabisa mezani, kisha kivume kikipewa stima. Kiini cha transfoma si kipande kimoja, ni mabati membamba mengi yaliyopangwa kama kurasa za kitabu na kubanwa kwa parafujo. Chuma kikiingiwa na nguvu ya sumaku hubadilika urefu, kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho. James Joule wa Uingereza aliliona jambo hilo mwaka 1842. Nacho hakijali sumaku imeelekea huku au kule, basi kila stima inapokwenda hunyooka, na inaporudi hunyooka tena. Mara 50 za stima huwa mara 100 za chuma. Huo ndio mvumo wetu. Huko Marekani ambako stima huenda mara 60, transfoma zao huvuma kwa sauti ya juu kidogo kuliko zetu. Hakuna transfoma isiyovuma kabisa. Shida ni kiasi.

Nikakaza parafujo nne za kiini, na mbili kati yake nilizikuta zimelegea hata vidole vingeziondoa. Mvumo ukapungua. Kisha nikakata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, nikaviweka kati ya transfoma na bati, na vingine chini ya vichwa vya parafujo, chuma kisiguse chuma popote. Hiyo ilisaidia zaidi kuliko yote niliyofanya kabla, na gharama yake ilikuwa bure. Lakini waya ya kuunganisha mwili wa chuma na ardhi sikuiondoa, na mtu yeyote akijaribu kukata mvumo kwa kuiondoa waya hiyo namsihi aache, maana hiyo ndiyo imlindayo asife.

Hata hivyo mvumo haukwisha. Saa mbili usiku ulikuwa mdogo sana, mchana ulizidi, na usiku wa manane ulikuwa mbaya. Mimi nilisema ni kimya cha usiku kinachoufanya usikike.

Jumapili ni siku ya Baba ya kupumzika. Usiku ule niliiacha mashine inawaka ili nijue kama transfoma itapata joto, nikapitiwa na usingizi. Yapata saa saba Baba aliniamsha kwa mguu. Nilidhani nimekwisha, lakini hakukasirika. Alichuchumaa mbele ya sanduku, akainamisha sikio.

“Hii inafanya kama ile ya kazini,” alisema. “Pale nje ya ghala pana transfoma juu ya nguzo. Jioni watu wakipika na taa zote zikiwaka, hainung'uniki. Watu wakilala, mashine zote zikizimwa, ndipo inapoanza kulia.”

Nikamwambia, “Baba, ni kwa sababu ya kimya.”

Akasema, “Kimya nakijua. Nimekaa chini ya nguzo ile miaka tisa. Mvua ikinyesha usiku hapana kimya, lakini inalia. Inakuwa kama mtu aliyeshiba kupita kiasi.”

Maneno hayo yaliniondolea usingizi. Mwalimu alitufunza kwamba watu wengi wakitumia stima volti hushuka, na wakiacha kutumia hupanda. Asubuhi nikaazima mita ya fundi. Nikapima mahali pale pale chumbani: saa nne asubuhi volti 240, saa mbili usiku 228, saa saba usiku 252! Baba alikuwa amesema kweli, hata neno la kushiba lilikuwa kweli. Chuma kina kiasi chake cha sumaku, na kikijazwa zaidi ya hapo hushindwa kupokea, koili ikaanza kuvuta stima nyingi ya bure katika kila kilele cha wimbi. Joto hupanda na kelele hupanda.

Lakini transfoma ya volti 240 haipasi kusumbuliwa na 240 za mchana. Nikachomoa waya, nikaifungua, nikaisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Chini ya uchafu palikuwa na karatasi ndogo ya manjano, na juu yake tarakimu tatu: 0, 220, 240. Waya za upande wa ukutani nilizozijua zilikuwa mbili. Nikatafuta ya tatu, nikaikuta imekatwa fupi, imefungwa utepe na kukunjwa ndani. Mtu fulani, nchi fulani ya volti 220, alikuwa ameifunga kwa kuwa hakuihitaji. Nikapima kwa mita: kutoka nyeusi mpaka nyekundu omu 38, kutoka nyeusi mpaka ile iliyofichwa 41 na nusu. Koili yake ilikuwa ndefu zaidi kidogo, kama ipasavyo.

Sikuiunganisha mwenyewe. Niliibeba mpaka kwa fundi, akailehemu, akaifunika vizuri kwa kibomba cha plastiki, akadondoshea vanishi kati ya mabati, tukaiacha ikauke siku nzima. Kisha tukaanza tena kwa taa ya wati 60, kama siku ya kwanza.

Usiku ule niliamka saa saba kwa hiari yangu. Ukutani volti 251. Ilinibidi nilaze sikio juu ya mvule ndipo niusikie mvumo. Nikapima na stima iendayo kwenye aisii: volti 17 kasoro kidogo kila upande. Nikapiga hesabu ya zamani, nikaona kwamba usiku zile nyingine zote, kwa waya ya 220, ilikuwa ikipokea zaidi ya 18 na nusu. Lile bango la barabarani! Mvumo ulikuwa ukinieleza jambo hilo usiku baada ya usiku, nami nikishughulika na kapasita.

Ulibaki unong'ono mdogo katika spika, na huo ulikuwa na sababu nyingine, yaani waya zangu za chini nilizozifunga ovyo. Nilipozikusanya zote mahali pamoja, katikati ya kapasita mbili, ukaisha kwa muda wa nusu saa.

Nilipiga muziki katika ubatizo wa mtoto wa jirani na katika sherehe nyingine moja, nikalipwa shilingi 20,000 kila mara. Viatu nilinunua vya mitumba, kwa 35,000, navyo vinanibana kidogo kidole cha mwisho. Zilizobaki nilimpa Mama. Alizihesabu mbele yangu mara mbili.

Siku moja kabla ya kurudi shuleni Baba aliingia asubuhi kutoka kazini. Aliweka kiganja juu ya sanduku kama mtu apimavyo homa ya mtoto, akauliza, “Imezimwa?”

Nikamwambia inawaka tangu saa kumi na moja.

Akavua koti, akaenda kulala.