Walinzi wa Usiku katika Mashamba ya Gulwe



Asafiriye kwenda bara kwa reli ya kati, akiisha kuiacha Kilosa, huingia katika bonde jembamba lililobanwa na milima huku na huku. Treni hufuatana na mto, hupita Kidete na Godegode, na kadiri iendeleavyo hewa huzidi kuwa kavu, nayo mibuyu huanza kuonekana. Ndipo mtu afikapo Gulwe, katika Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. Reli hiyo ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910. Siku hizi reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, nayo hupita katika nchi hiyo hiyo.

Mto nilioutaja ni Kinyasungwe. Mgeni auonapo wakati wa kiangazi huweza kuucheka, maana hauna kitu ila mchanga, na watu huchimba visima humo wapate maji. Lakini masika hugeuka ukawa mto wa kutisha. Mara nyingi umelizoa tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 yaliikata njia hata treni zikasimama kwa miezi. Hata hivyo, mto huo huo huacha udongo mwema kando yake. Na kwa kuwa Dodoma mvua ya mwaka mzima ni kama milimeta 570 tu, nayo karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kila mtu hutamani kuwa na shamba karibu na mto.

Lakini watu si peke yao wapendao mahali hapo. Katika vichaka vya miiba na matete yaliyo kando ya mto hukaa nguruwe mwitu, naye ndiye niliyekusudia kuwaandikia habari zake.

Kwanza yafaa tutofautishe wanyama wawili ambao wengi huwachanganya. Ngiri ni yule mwenye meno marefu yaliyopinda na vinundu usoni, atembeaye mchana, apigaye magoti alapo majani, na akimbiapo husimamisha mkia wake kama bendera. Usiku hulala katika shimo, mara nyingi lililochimbwa na muhanga, naye huingia kinyumenyume ili uso wake uelekee mlangoni. Nguruwe mwitu ni mwingine. Ana manyoya mengi, na singa ndefu mgongoni. Watoto wake huzaliwa na mistari mwilini. Mchana hujificha kichakani, usiku hutoka pamoja na jamaa yake, wanne, sita, hata kumi. Pua yake ni jembe lake: huchimbua mizizi, viazi, karanga na mihogo. Mahindi huyaangusha kwa kifua, akala sehemu na kukanyaga sehemu, hata hasara ya kukanyagwa hupita ile ya kuliwa. Ngiri naye huharibu, lakini mwizi mkuu wa usiku ni huyu wa pili.

Nalifika Gulwe mwezi wa Machi, mahindi yakiwa yametoa ndevu. Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu, rafiki yangu tangu ujana. Baada ya kusalimiana na watu, “Mbukwenyi, mbukwenyi,” kama ilivyo desturi ya Wagogo, na baada ya kula ugali wa uwele na mlenda, akaniambia, “Ndugu yangu, kesho nitakuonyesha shamba moja lililonifundisha mimi mwalimu.” Kisha akanisimulia habari hii.

Mwaka uliotangulia alikuwa na mwanafunzi wa darasa la sita, mtoto hodari wa hesabu. Ghafula mtoto yule akaanza kuchelewa kufika, na akifika akasinzia. Mwalimu akamwonya, mtoto akanyamaza. Akamsimamisha mbele ya wenzake. Mtoto akasimama, naye akasinzia akiwa amesimama. Wenzake wakacheka. Siku nyingine akampa adhabu ya kufagia uwanja peke yake. Hata juma la tatu, mwalimu akaona afadhali aende nyumbani kwao akawashitaki wazazi.

Akamkuta mama, mjane, ameketi mlangoni huku macho yake mekundu. Mwalimu alipokwisha kusema maneno yake, yule mama akamjibu kwa upole, “Mwalimu, nisamehe. Usiku katika nyumba hii hakuna alalaye ila mtoto mchanga na bibi yake. Mimi nalinda pembe ya shamba upande wa mto, na mwanangu analinda pembe ya pili. Tukilala sote wawili, mwaka huu hatuli.”

Shamba lake lilikuwa la ekari moja na nusu, la mwisho kabisa kuelekea kichakani. Nyuma yake yalikuwa mashamba ya majirani saba. Nguruwe watokapo mtoni hukutana na shamba la mjane kwanza. Basi mama yule akaongeza neno ambalo mwalimu hakulisahau: “Sisi ndio ua wa mashamba ya watu.”

Mwalimu akarudi nyumbani akiona haya. Alikuwa akimwadhibu mtoto kwa kuwa mlinzi wa chakula cha mtaa mzima, na labda cha kwake yeye pia, maana shamba lake lilikuwa la nne kutoka lile. Yeye alilala usingizi mzuri kwa sababu mwanafunzi wake hakulala.

Akawaita majirani. Wengine walikubali upesi, lakini mmoja akasema, “Kila mtu na alinde chake. Mimi nguruwe sijawaona shambani mwangu.” Maneno yake yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyokuwa kosa lake. Wakaachana bila shauri. Hazikupita siku nyingi, mjane akashikwa na homa, naye mtoto akabaki nyumbani kumwuguza. Usiku tatu shamba halikuwa na mtu. Usiku wa kwanza nguruwe wakala kwa mjane. Usiku wa pili wakavuka mpaka. Usiku wa tatu wakalifikia shamba la yule aliyesema kila mtu na alinde chake, wakachimbua karanga zake mstari kwa mstari kama watu waliokodiwa kuvuna. Asubuhi yule bwana alikwenda mwenyewe kwa mwalimu, akamwomba awaite watu mara ya pili.

Kabla sijaeleza walivyopatana, nitasema kidogo juu ya njia nyingine ambazo watu hujaribu, kwa kuwa najua wasomaji wetu wa mahali pengi wana taabu hiyo hiyo.

Wako wanaochimba rima na kulifunika kwa majani, au kutega tanzi, au kutia sumu katika chambo. Njia hizo ni za hatari. Rima halichagui, huweza kumnasa ndama wa jirani, hata mtoto arudiye na maji. Sumu huua mbwa, na ndege, na yeyote alaye mzoga. Tena Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 imekataza kuwinda kwa sumu, kwa mitego na kwa mashimo, na awindaye hana budi kuwa na kibali. Kwa hiyo mwenye kusumbuliwa sana na afike kwa serikali ya kijiji, apelekewe habari yake kwa afisa wa wanyamapori. Wengine hutumia mbwa na mikuki. Lakini nguruwe aliyejeruhiwa hakimbii sikuzote, bali hugeuka, na meno yake ni makali ya kupasua paja la mtu.

Liko na neno la nyama. Auaye nguruwe mwitu huona amepata kitoweo, akakipeleka nyumbani, na mabaki akawatupia nguruwe wake wa kufugwa. Asifanye hivyo kamwe. Nguruwe mwitu na ngiri huweza kuwa na homa ya nguruwe ya Afrika, wasiugue wala kuonekana wana neno. Na papasi wakaao katika mashimo ya ngiri huichukua. Ikiwaingia nguruwe wa kufugwa huwaua karibu wote katika siku chache, wala hakuna dawa ya kuwaponya. Binadamu haimdhuru mwilini, lakini humwachia banda tupu. Daktari Montgomery ndiye aliyeandika kwanza habari za ugonjwa huo, kutoka Kenya, mwaka 1921. Mwaka 2007 ulitoka Afrika ukafika Georgia, ukaenea Urusi na Ulaya, na mwaka 2018 ukaingia China. Kama nchi kubwa hizo zimelia kwa ugonjwa huo, sisi wenye nguruwe wawili au watatu bandani tujihadhari zaidi.

Sasa nirudi Gulwe. Nyumba nane zilipatana hivi. Kila usiku, tangu mahindi yatoapo ndevu mpaka mavuno, watu wazima wawili hulinda kwa zamu, nao hukaa katika shamba la mwisho, la mjane, kwa kuwa ndilo lango. Dungu moja refu lilijengwa huko kwa nguvu za wote. Kichaka kilichogusana na shamba kilifyekwa hatua ishirini, kwa maana nguruwe hapendi kuvuka mahali peupe. Lakini ukingo wenyewe wa mto hawakuufyeka, mafuriko yasije yakauchukua udongo. Miiba ikapangwa kuwa ua. Na shauri kubwa kuliko yote lilikuwa hili: mtoto asomaye asihesabiwe katika zamu.

Usiku wa pili wa kukaa kwangu naliomba kwenda pamoja na walinzi. Mmoja wao alikuwa mzee Mwislamu. Nikamwuliza kwa utani kama alikuwa akilinda kwa kutamani nyama. Akacheka, akasema, “Mwalimu, mimi simgusi nguruwe, akiwa hai wala akiwa amekufa. Lakini yeye haniulizi dini yangu anapokula mtama wangu.” Nikakumbuka kwamba hata Unguja wako watu wasioila nyama yake kabisa, nao huwawinda nguruwe mwitu kwa mbwa na mikuki ili kuokoa mihogo yao.

Twaliketi dunguni, moto mdogo ukiwaka chini. Mzee akanisimulia aliyoyapokea kwa babu yake juu ya njaa ya Mtunya, iliyoipata Ugogo katika miaka ya 1917 hata 1920, baada ya vita kuchukua watu, ng’ombe na nafaka, na mvua nayo kukosekana. “Tangu wakati ule,” akasema, “sisi hatusemi gunia moja ni dogo.”

Usiku ulipokuwa wa manane, akanyamaza ghafula, akainua kidole. Mimi sikusikia kitu. Kisha nikasikia mguno, na baada yake kitawi kikivunjika, karibu kuliko nilivyodhani. Mwenzake akawasha tochi, nikaona macho yanayong’aa mahali peupe penye kufyekwa: mkubwa mmoja ametangulia, na wengine nyuma yake. Wakapiga debe, wakapiga kelele, mzee akatupa jiwe kwa kombeo. Nguruwe wakageuka, tukasikia matete yakilala mbele yao, kisha kimya. Usiku ule walijaribu mara mbili tena upande mwingine, na mara zote mbili wakakuta watu wako macho. Nikafahamu kwa nini mama mmoja na mtoto mmoja hawakuweza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sitaki kuwadanganya kwamba hasara imekwisha. Nguruwe wangaliko, nao ni wajanja. Tena chui, aliyekuwa mlaji wao mkuu, watu wamemwua sana kwa ajili ya mbuzi wao. Mwaka ule wa kwanza wa mapatano kila shamba lilipoteza kidogo. Lakini mjane, aliyekuwa amezoea kuvuna gunia moja, alivuna magunia manne, na mashamba ya nyuma hayakuguswa ila mara moja.

Alfajiri tuliporudi tulipita mlangoni pake. Mama alikuwa akifagia uwanja. Akatusalimu kwa sauti ndogo, akaweka kidole mdomoni, akatuonyesha ndani. Mtoto alikuwa amelala chali, vitabu vyake vimewekwa karibu na kichwa. Mzee akatazama, akatabasamu, akasema, “Huyo ndiye tuliyemlinda.”

Basi, ndugu zangu wenye mashamba, tazameni ni nani aliye ukingoni mwa mashamba yenu. Aghalabu ni maskini kuliko ninyi, kwa maana mahali pabaya ndipo palipobaki kwake. Naye akikesha ninyi mwalala. Nanyi walimu wenzangu, mtoto akisinzia darasani, kabla ya kumwita mvivu, mwulizeni kwanza jana alilala wapi.