Hadi Matema na Magodoro Mawili

Hiace tuliyoazima kwa shemeji ilikuwa imeng'olewa viti vya nyuma. Mahali pake Baba watoto alitandika magodoro mawili, akafunga chandarua darini, na pembeni tukapanga jiko la gesi, sufuria na dumu la maji. Kwingine duniani kuna magari ya kambi yenye vitanda na bomba. Sisi watano tulikuwa na gari hilo, na kwa siku nne za likizo ya Juni lilitutosha.

Kutoka Uyole, jijini Mbeya, barabara inapanda kwanza. Baridi ya Juni huko ni kali. Wauza viazi kando ya lami wamejifunika makoti na vitenge juu yake. Kushoto unasimama Mlima Rungwe, karibu mita 2,960. Ni katika msitu wake ambamo watafiti walimthibitisha kipunji mwaka 2003, tumbili ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walikwisha kumjua zamani. Kwenye Mto Kiwira tuliacha gari tukaenda kuliona Daraja la Mungu, tao la mwamba lililotokana na moto wa volkano, maji yakipita chini yake kwa kishindo. Binti yetu mdogo aliuliza fundi wake ni nani. Kaka yake akamjibu kwamba jina limeshasema.

Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, ni mji wa mvua, chai na migomba. Tulinunua mkungu mmoja wa ndizi na parachichi za kutosha, kisha tukaanza kushuka.

Mteremko huu ndio uhondo wa safari nzima. Tukuyu iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko 474. Kwa hiyo mita elfu moja zinaisha kabla ya chakula cha mchana. Malori ya Malawi yanashuka kwa gia nzito, na dereva mwenye busara anayafuata polepole asichome breki. Watoto walivua sweta, kisha soksi, kisha wakafungua madirisha. Chai ikatoweka, kakao ikajitokeza chini ya vivuli vya migomba, maganda yake ya njano yameshikana na shina. Barabara moja ikaendelea Kasumulu mpakani, sisi tukashika ya Kyela.

Kyela ni tambarare ya mpunga, na Juni ilitukuta kwenye mavuno: mashamba ya rangi ya dhahabu, turubai za kuanikia, baiskeli zilizobeba magunia. Mchele wa Kyela unajulikana kwa harufu kabla ya kuuonja. Mama ntilie mmoja alitupakulia na mbasa wa kukaanga, samaki wa ziwani anayepanda mito wakati wa kutaga. Watoto walimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akawafundisha kushukuru kwa Kinyakyusa: ndaga fijo.

Tulifika Matema, kando ya Ziwa Nyasa, kupitia Ipinda, jua likikaribia kuzama. Kwa hamu ya kulala karibu na maji tuliingiza gari hadi ufukweni, na magurudumu ya nyuma yakazama mchangani. Vijana waliokuwa wakikunja nyavu walikuja bila kuitwa, wakachimba kwa mikono, wakatandika mbao, wakasukuma. Tukahamia kwenye nyasi, na huko tukalala tukisikiliza mawimbi kama ya baharini. Lakini maji yale hayana chumvi, jambo ambalo mtoto wa kati hakuamini mpaka alipoyaonja.

Asubuhi Matema hukawia kupata jua, kwa sababu Milima ya Livingstone imesimama wima upande wa mashariki. Ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio la vyungu pale Lyulilo. Mitumbwi ilitoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya mlima na maji. Ardhi ya kulima huko ni haba, na ndiyo maana tangu zamani vyungu vya wanawake wa Kikisi vimebadilishwa kwa chakula cha Wanyakyusa wa tambarare.

Bibi mmoja alinionyesha namna ya kuchagua. Aliinua chungu chekundu chenye nakshi nyeupe, akakigonga kwa kifundo cha kidole: kikalia kama kengele. Akachukua cha pili, kikatoa sauti iliyokufa. "Hiki kina ufa, mwanangu, hata kama huuoni," akasema, akakiweka kando. Ukuta wa kile kizima ulikuwa mwembamba sana, nami nilipokishika nilistaajabu wepesi wake.

Tulikinunua, tukakileta Mbeya kimezungushiwa sweta zote tulizovua njiani. Ukipanga safari hii, fika Matema Ijumaa, egesha penye nyasi, na uache nafasi ya chungu kati ya magodoro.